Onitsuka: Raba zenye jina la kuazima

KABLA Erling Haaland hajafunga mabao 36 msimu wa 2022/23, rekodi ya mabao mengi kwa msimu mmoja wa Ligi Kuu England ilikuwa 34, na ilishikiliwa na watu wawili. Andy Cole aliiweka akiwa na Newcastle United msimu wa 1993/94. Msimu uliofuata Alan Shearer akaifikia akiwa na Blackburn Rovers, na timu yake ikabeba ubingwa.

Tafuta picha za mastaa hao wawili za miaka hiyo, kisha zitazame jezi zao vizuri. Moja ina mistari myeusi na meupe, nyingine ni nusu bluu nusu nyeupe, lakini zote zina neno moja dogo: ASICS. Tony Yeboah wa Leeds United naye alikuwa ndani ya jezi ya kampuni hiyo hiyo mwaka 1995 alipoachia yale makombora dhidi ya Liverpool na Wimbledon, ambayo mpaka leo yanazunguka kwenye simu za watu.

Kampuni hiyo ilianzia kwa Kihachiro Onitsuka, Mjapani ambaye hakupata umaarufu kwa kucheza mchezo wowote. Vijana wa leo wanalijua jina lake kupitia raba za Onitsuka Tiger, zile nyembamba zenye mistari inayokatana ubavuni, hasa ile inayoitwa Mexico 66. Ni raba za kutokelezea. Mtu anazivaa na jinzi, anakwenda nazo kwenye harusi, ofisini na hata uwanjani kuangalia mechi.

Wengi wanaozinunua hawajui kuwa zilianza kama viatu vya kazi ngumu, vya watu wa kutoka jasho. Na wengi zaidi hawajui kuwa Onitsuka halikuwa jina la kuzaliwa la mzee huyo. Alilipokea kwa sababu ya ahadi aliyompa rafiki yake aliyekwenda vitani na hakurudi.

AHADI YA JESHINI

Alizaliwa Mei 29, 1918 katika mkoa wa Tottori, magharibi mwa Japani, na jina la ukoo wake lilikuwa Sakaguchi. Kama vijana wengi wa rika lake, ujana wake uliangukia kwenye vita. Aliingia jeshini na kuwa ofisa.

Huko jeshini alikuwa na rafiki, ofisa mwenzake, ambaye alikuwa na uhusiano na mzee mmoja na mkewe wa mji wa Kobe. Wazee hao, familia ya Onitsuka, hawakuwa na mtoto wa kuwatunza na walitarajia kumfanya ofisa huyo mwana wao. Ni jambo la kawaida Japani. Familia isiyo na mrithi humchukua mtu mzima, akabeba jina lao na kuwatunza uzeeni.

Rafiki huyo alipopangiwa kwenda Burma, alimwomba Sakaguchi awaangalie wazee wale endapo yeye asingerudi. Sakaguchi akakubali. Yeye mwenyewe hakupelekwa huko, alibaki Japani. Vita ikaisha mwaka 1945, na rafiki hakurudi.

Ahadi ni deni. Sakaguchi angeweza kurudi zake Tottori kuanza maisha, na hakuna ambaye angemdai. Badala yake akaenda Kobe, mji wa bandari uliokuwa umepigwa mabomu vibaya mwaka huohuo, akawatafuta wazee wale na kukaa nao. Baadaye wakamfanya mwana wao. Tangu hapo akawa Kihachiro Onitsuka. Jina ambalo rafiki yake alitarajiwa kulibeba, akalibeba yeye.

KOBE YA NJAA NA MAGENDO

Maisha ya Kobe baada ya vita yalikuwa ya kubangaiza. Chakula kilikuwa cha shida, biashara ya magendo ilishamiri, na watoto waliopoteza wazazi walizagaa mitaani. Onitsuka alipata kazi kwenye kampuni ya biashara, lakini mambo yaliyofanyika mle hayakumpendeza. Akaacha.

Kilichomsumbua zaidi ni vijana. Aliona kizazi kizima kinakua bila mwelekeo, na alitaka kufanya kazi ambayo ingewafaa. Ishu ikawa ni kazi gani. Alikwenda kuomba ushauri kwa Kohei Hori, ofisa aliyesimamia afya na elimu ya michezo katika bodi ya elimu ya mkoa wa Hyogo, ambao Kobe ni makao yake makuu.

Hori alimkumbusha msemo wa kale wa Kirumi unaohusu akili timamu ndani ya mwili wenye afya. Kijana akicheza michezo, hukua vizuri mwili na akili. Lakini michezo inahitaji viatu, na viatu vya maana havikuwepo. Ushauri ukawa mwepisi kuusema na mgumu kuufanya: tengeneza viatu vya michezo.

Onitsuka hakuwa fundi viatu. Hakujua kukata ngozi wala kumimina mpira wa soli. Mwaka 1949, akiwa na miaka 31, alianzisha kampuni yake pale Kobe akiwa na mtaji mdogo na wafanyakazi wa kuhesabu kwa vidole. Ufundi alijifunza humo humo kazini.

PWEZA KWENYE BAKULI

Mtu mwingine angeanza na kiatu rahisi. Yeye akaanza na kigumu kuliko vyote wakati huo, cha mpira wa kikapu. Hesabu yake ilikuwa kwamba akiruka kihunzi kirefu kwanza, vilivyobaki vitakuwa vyepesi. Mchezaji wa kikapu anakimbia, anafunga breki ghafla, anageuka, anaruka. Kiatu kisiposhika sakafu anaanguka. Kikishika sana, anaanguka pia.

Alitengeneza jozi ya kwanza na kuipeleka shule ya sekondari ya Kobe, ambayo ilikuwa na timu nzuri. Kocha wa timu akavikataa. Vilikuwa vya hovyo, vimekaa kama ndala za majani makavu ambazo wakulima wa Japani walizivaa zamani. Alichofanya kocha huyo cha maana ni kumwambia aje uwanjani awaone wachezaji wakicheza ndipo aende kutengeneza.

Basi Onitsuka akawa mtu wa uwanjani. Siku baada ya siku alikaa kando ya uwanja, akawaokotea mipira, akawauliza vijana wanasikia wapi maumivu, soli inateleza wakati gani, kidole kinabanwa na nini. Akarudi kiwandani, akatengeneza, akarudi tena. Kila mara kulikuwa na kasoro.

Jibu lilikuja mezani. Majira ya joto ya mwaka 1951 alikuwa anakula chakula cha jioni nyumbani, saladi ya tango na pweza. Kipande kimoja cha mkono wa pweza kikawa kimeng'ang'ania bakuli. Akakitazama. Vile vijishimo vya mkono wa pweza ndivyo vilivyokuwa vimelinyonya bakuli. Kwa watu wa pwani hilo si jambo la kushangaza, kila mvuvi wa pweza analijua. Onitsuka aliona soli.

Akachonga soli yenye vijishimo vya aina hiyo. Jaribio la kwanza likachemsha, kwa sababu ilishika sakafu kupita kiasi na wachezaji wakawa wanajikwaa na kuanguka. Akapunguza kina cha vijishimo mpaka mchezaji akaweza kufunga breki na bado akanyanyua mguu. Hapo ndipo mambo yalipoanza kunoga. Vijana wa Kobe wakacheza vizuri wakiwa navyo, na shule nyingine zikaanza kuuliza vimetoka wapi.

Alama aliyoichagua ilikuwa chui milia, mnyama anayeheshimiwa Asia kwa nguvu na wepesi. Ndipo likaja jina Onitsuka Tiger.

Kuuza ilikuwa ngoma nyingine. Alijaza viatu kwenye begi la mgongoni, akapanda treni mji hadi mji, akabisha hodi kwenye maduka ya michezo. Ili pesa isiishie kwenye nyumba za wageni, usiku alijilaza kwenye mabenchi ya stesheni. Falsafa yake ya biashara aliifananisha na keekee, ile ya fundi seremala ya kutobolea mbao. Ukisukuma ubao kwa kiganja hautoboki, lakini ukiweka ncha sehemu moja na kuzungusha, unapita. Kwa hiyo alichagua mchezo mmoja, akakomaa nao mpaka akapenya, ndipo akahamia mwingine.

VITA YA MALENGELENGE

Mchezo uliofuata ambao ulimpa sifa ni marathoni. Wajapani wanaipenda marathoni kuliko watu wa mataifa mengi. Barabarani hujaa watu kama siku ya dabi. Tanzania inalijua hilo kupitia Juma Ikangaa, ambaye alishinda marathoni ya Tokyo mwaka 1984 na 1986, na ile ya Fukuoka mwaka huohuo wa 1986.

Tangu 1953 Onitsuka alikuwa akitengeneza viatu vya mbio ndefu. Kila alipokwenda kwenye mashindano alikuta jambo lile lile: wakimbiaji wanamaliza nyayo zikiwa zimejaa malengelenge. Wenyewe waliona ni sehemu ya mchezo, kama mchezaji anavyozoea kukwatuliwa. Alipodai kwamba atatengeneza kiatu kisicholeta malengelenge, walimwona anaota mchana.

Hakubishana. Akaenda kuuliza madaktari. Akaelezwa kwamba lengelenge la mkimbiaji halina tofauti kubwa na la mtu aliyeungua. Mguu unapiga chini maelfu ya mara, ndani ya kiatu joto linapanda, ngozi inaathirika na mwili unakusanya maji pale ili kujikinga. Ugonjwa ni joto. Sasa joto unalitoaje kwenye kiatu?

Alilifikiria kama fundi magari. Injini ya gari hupozwa kwa maji, na mguu huwezi kuuzungushia maji. Lakini injini ya pikipiki hupozwa na upepo. Akatengeneza kiatu chenye matundu juu na ubavuni, ili kila mguu unapokanyaga hewa ya moto isukumwe nje, na unaponyanyuka hewa baridi iingie. Kikaitwa Magic Runner, na kuelekea Olimpiki ya Rome ya mwaka 1960 kilikuwa tayari.

Mmoja wa waliokijaribu ni Toru Terasawa, mkimbiaji mkubwa wa Japani wa zama zile. Alimaliza mbio nyayo zake zikiwa salama. Februari 1963, kule Beppu, Terasawa huyohuyo alikimbia kwa saa 2:15:15.8, muda bora zaidi duniani wakati huo. Muda alioupita, kwa chini ya nusu sekunde, ulikuwa wa Mwafrika aliyekimbia peku.

CHUMBANI KWA BIKILA

Mwafrika huyo ni Abebe Bikila wa Ethiopia, askari wa kikosi cha ulinzi cha Mfalme Haile Selassie. Mwaka 1960 alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Rome bila kiatu mguuni, kwa saa 2:15:16.2. Dunia nzima ilishangilia. Kwa muuza viatu, hiyo ilikuwa habari mbaya. Ikiwa bingwa wa dunia hahitaji kiatu, nani atakihitaji?

Mwaka uliofuata Bikila alikwenda Japani kukimbia marathoni ya Mainichi mjini Osaka, karibu kabisa na Kobe. Onitsuka hakungoja bahati. Alimfuata hotelini akiwa na viatu mkononi.

Mwanzoni mambo hayakwenda. Bikila alikuwa ameshinda peku na hakuona sababu ya kubadili kilichompa dhahabu. Onitsuka hakumdharau kwa hilo, na hakujaribu kumwambia kwamba alikosea kule Rome. Alimweleza kuhusu barabara za Japani. Zilikuwa mbovu, zina mawe na vipande vya chupa, na mguu uliozoea ardhi ya nyumbani ungeweza kukatwa. Kisha akamwonyesha kiatu chepesi, chenye kushika barabara vizuri.

Bikila akakubali. Juni 1961 akakimbia Osaka akiwa na viatu vya Onitsuka mguuni, na akashinda. Kwa kampuni changa iliyoanza na saladi ya pweza, hilo lilikuwa tangazo ambalo pesa isingeweza kulinunua.

Lakini michezo haina shukrani za milele. Mwaka 1964 Olimpiki ilikwenda Tokyo, nyumbani kwa Onitsuka. Bikila akatetea ubingwa wake kwa saa 2:12:11.2, wiki chache tu baada ya kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Mguuni alikuwa na Puma, kiatu cha Mjerumani. Biashara ya viatu ilishakuwa ligi ya wakubwa, na hata bingwa uliyemvalisha jana anaweza kesho kuonekana na mwingine.

KIJANA KUTOKA MAREKANI

Somo kubwa zaidi la aina hiyo lilikuwa bado linakuja. Mwishoni mwa 1962 kijana mmoja Mmarekani alifika kwenye ofisi za kampuni pale Kobe. Jina lake Phil Knight, amemaliza masomo ya biashara katika Chuo Kikuu cha Stanford, ambako aliandika kazi kuhusu jinsi viatu vya Kijapani vingeweza kuwang'oa Wajerumani kwenye soko la Marekani.

Alijitambulisha kama mwakilishi wa kampuni iitwayo Blue Ribbon Sports. Kampuni hiyo wakati ule ilikuwepo kichwani mwake tu. Wajapani wakampa nafasi. Mwaka 1964 Knight akaungana na kocha wake wa zamani wa riadha katika Chuo Kikuu cha Oregon, Bill Bowerman, kila mmoja akatoa dola 500, wakaanza kuuza raba za Tiger. Knight alizibeba kwenye buti la gari na kuziuza kwenye mashindano ya riadha, karibu vile vile Onitsuka alivyofanya na begi lake miaka 15 kabla.

Kwa miaka kadhaa mchongo ulilipa pande zote. Bowerman, ambaye hakuchoka kuchanachana viatu ili kuona vilivyo ndani, alituma mapendekezo Japani. Moja ya matunda yake ni raba iliyoitwa Cortez, yenye soli nene ya kupunguza mshindo, na iliyouzwa kwa chapa ya Tiger.

Kisha uhusiano ukaingia mchanga. Upande wa Japani ulianza kuangalia wasambazaji wengine Marekani. Upande wa Knight ulianza kutengeneza viatu vyake vyenyewe kwa chapa mpya. Mwaka 1971 chapa hiyo ikapata jina: Nike. Wakaachana na kufikishana mahakamani, huku kila upande ukimlaumu mwenzake kwa kuvunja makubaliano. Mwaka 1974 jaji wa Oregon aliamua kuwa pande zote mbili zinaweza kuuza kiatu kile, lakini jina Cortez likabaki kwa Wamarekani. Raba ya Onitsuka ikabaki na jina Corsair.

Ndiyo maana ukiweka Nike Cortez ya kwanza na Tiger Corsair mezani, unaona mapacha. Aliyempa Phil Knight viatu vyake vya kwanza vya kuuza alikuwa Onitsuka. Alichovuna ni mshindani ambaye leo hii kampuni nyingi za viatu duniani zinamwangalia kwa nyuma.

MISTARI YA MEXICO

Katikati ya misukosuko hiyo, kampuni ilitoa kitu ambacho kingekaa kuliko kesi yoyote. Mwaka 1966, kuelekea Olimpiki ya Mexico City ya 1968, viatu vyake vilianza kutoka na mistari mipya ubavuni, miwili inayoteremka na kukatwa na mingine kutoka kisiginoni. Haikuwa urembo tu, kwani ilisaidia pia kuushikilia mguu ndani ya kiatu. Ikaitwa mistari ya Mexico. Mistari hiyo ndiyo ipo kwenye Mexico 66 za madukani leo, na ndiyo ile ile unayoiona kwenye viatu vya ASICS vya kukimbilia, vikiwemo vile vinavyogombaniwa kwenye mitumba.

Miaka kumi baadaye, kule Montreal 1976, Lasse Virén wa Finland alishinda mbio za mita 10,000, akavua viatu na kuvinyanyua juu huku akizunguka uwanja. Vilikuwa Tiger. Zama zile Olimpiki ilikuwa ya wanamichezo wa ridhaa, na kutangaza biashara kulikatazwa, hivyo maswali yakawa mengi. Virén alijitetea kuwa alivivua kwa sababu ya lengelenge. Yule mzee aliyetumia miaka akipigana na malengelenge hakuweza kuchagua utetezi mwingine.

ALIPOLIACHA JINA

Mwaka 1977 Onitsuka alifanya uamuzi ambao wafanyabiashara wengi wangeukwepa. Aliunganisha kampuni yake na nyingine mbili za Japani za vifaa na mavazi ya michezo, GTO na Jelenk, na kampuni mpya haikubeba jina lake. Ikaitwa ASICS, herufi za mwanzo za maneno ya Kilatini yanayotokana na ule msemo alioupata kwa Hori mwaka 1949. Jina alilolipokea kwa ahadi, alilolitembeza kwenye stesheni za treni na kulipigania mahakamani, akaliweka kando ili kampuni zote tatu ziwe sawa.

Haikuwa mara ya kwanza kutoa kilicho chake. Miaka ya nyuma alishagawa sehemu kubwa ya hisa zake kwa wafanyakazi, kwa imani kwamba kampuni si mali ya familia moja.

Aliiongoza ASICS kama rais hadi 1992, kisha akawa mwenyekiti. Kwa hiyo Cole na Shearer walipokuwa wanafunga yale mabao 34 kila mmoja, mzee alikuwa bado yupo juu ya kampuni, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 75. Safari ya kutoka ukumbi wa kikapu wa shule moja ya Kobe ilikuwa imefika kwenye ubingwa wa England.

RABA ZA KUTOKELEZEA

Mwaka 2002 ASICS ikalirudisha jina la Onitsuka Tiger, safari hii kama chapa ya mitindo. Mwaka uliofuata ikatoka filamu ya Kill Bill, Uma Thurman akiwa ndani ya suti ya njano na raba za njano zenye mistari myeusi, vazi linalomkumbusha kila mtu Bruce Lee. Baada ya hapo raba ikawa ya watu ambao hawana mpango wa kukimbia hata hatua moja.

Na kweli, Mexico 66 ya leo si ya kukimbilia. Soli yake ni nyembamba, na mtu anayejiandaa na Kili Marathon akiivaa barabarani, magoti yatamwambia. Anayetaka kukimbia anunue cha kukimbilia. Hii ni ya kutembea, ya kupiga nayo picha, ya kuvaa siku ya mechi. Imetengenezwa kwa kumbukumbu ya kiatu kilichowahi kufanya kazi, na hicho ndicho mnunuzi analipia.

Soka halikukaa mbali. Andrés Iniesta alipotoka Barcelona mwaka 2018 alikwenda kuchezea Vissel Kobe, timu ya mji ule ule, na mguuni akavaa njumu za ASICS. Staa aliyefunga bao lililoipa Hispania Kombe la Dunia akawa anacheza kwenye mji ambao muuza viatu mmoja aliwahi kukaa kando ya uwanja na kuwauliza vijana wa shule soli inateleza wapi.

Onitsuka hakuwahi kuliona hilo. Alifariki dunia Septemba 29, 2007 akiwa na miaka 89. Wazee wawili wa Kobe waliompa jina walishaondoka zamani, na rafiki aliyemwachia jukumu lile alikuwa amelala Burma kwa zaidi ya miaka 60. Hakuna raba hata moja yenye jina la rafiki huyo. Lakini kama si ombi lake, kijana Sakaguchi angerudi Tottori, na Onitsuka lingekuwa jina la familia moja isiyo na mrithi, lililoishia kwenye mlango wa nyumba moja ya Kobe. Leo limeandikwa kisiginoni mwa watu ambao hawajawahi kufika Japani.